Mauzo yamepanda kidogo tu, mbona stoo inayumba?

SWALI: Karakana yetu Arusha inaunganisha vidhibiti chaji vya sola, kama 1,000 kwa mwezi, kwa vipuri vya Shenzhen, China. Mwezi huu vipuri vinafurika, mwezi ujao mikrokontrola (chipu zinazoendesha kifaa) hazipatikani. Msambazaji anataka makisio yetu ya miezi sita pamoja na mauzo ya wateja wetu. Si kumwanikia siri za biashara?
Msomaji, Arusha

JIBU: Mpeni. Ficheni bei na majina ya wateja, lakini idadi mwacheni aione. Sababu iko kwenye hesabu.

Tuseme duka la jumla, nyinyi na msambazaji, kila mmoja huweka akiba ya mwezi mmoja. Mauzo yakipanda kutoka 1,000 hadi 1,100, duka linaagiza 1,200: 1,100 kufidia vilivyouzwa, 100 kukuza akiba. Nyinyi mnaona 1,200, mnaagiza vipuri vya 1,400. Msambazaji anaona 1,400, anaagiza kiwandani 1,800. Mwezi unaofuata wateja wananunua 1,100 zilezile. Duka linaagiza 1,100, nyinyi 1,000 kwa kuwa sasa mnapunguza akiba, msambazaji 600 kwa sababu hiyohiyo. Mnunuzi hajayumba, ila kiwanda kimeshushwa kutoka 1,800 hadi 600, na kikipunguza uzalishaji ndipo mnapokosa mzigo. Kama wote wangeiona ile 1,100 tangu mwanzo, kila mmoja angeongeza akiba ya 100 tu, na msambazaji angeagiza 1,400, kisha 1,100, basi.

Kwa hiyo kila Jumatatu ombeni maduka namba mbili: vilivyouzwa na vilivyobaki. Jedwali la Excel linatosha. Programu ya bei kubwa haitasaidia kama namba hizo haziji. Katika makisio, mwezi wa kwanza usibadilike. Wa pili na wa tatu ruhusuni asilimia 20 juu au chini. Iliyobaki ni ya kumwandaa msambazaji tu. Andikeni kwenye mkataba nani analipia vipuri vitakavyobaki makisio yakikosewa. Hapo ndipo ugomvi huanzia, na wengi hupaacha wazi.

Msihangaikie vipuri vyote sawasawa. Rizista za 0603 (hiyo ni namba ya ukubwa) huja roli ya 5,000 na ni rahisi. Nunueni roli nzima. Mikrokontrola ndiyo ya kulinda. Mkitumia 50 kwa siku, siku tano kwa wiki, na kiwanda kinataka wiki 16, hizo ni 4,000. Wiki mbili za usafiri na forodha ni 500 zaidi. Zilizo stoo na zilizoagizwa ambazo hazijafika zikishuka hadi 4,500 kujumlisha akiba yenu ya tahadhari, agizeni siku hiyohiyo.

Kila kipuri muhimu kiwe na mbadala mliokwisha kuujaribu kwenye bodi ya saketi. Machi 2000 moto uliwaka katika kiwanda cha chipu cha Philips, Albuquerque, Marekani. Ulizimwa upesi, lakini moshi uliharibu vyumba safi vya uzalishaji. Nokia, kampuni ya simu iliyonunua chipu hapo na iliyokuwa ikifuatilia mizigo yake kwa karibu, ilikimbilia vyanzo vingine. Ericsson, mshindani wake aliyenunua hapohapo, haikuwa na chanzo kingine cha baadhi ya chipu, ikapoteza mauzo ya takriban dola milioni 400.

Mnapoandika mbadala kwenye orodha ya vipuri, nakilini namba ya kipuri iliyotolewa na mtengenezaji hadi herufi ya mwisho. Herufi hizo hutaja umbo la chipu, kiwango cha joto na ufungashaji; moja ikikosewa, mzigo unaweza kufika na chipu isiyokaa kwenye bodi.