Siku gari la shule lilipoharibika

Mlinzi wa shule alinipigia simu saa kumi na mbili kasoro jioni. Gari liliharibika tangu saa tisa, watoto wengine wakaondoka kwa miguu makundi makundi, kabaki wangu peke yake, kakalia begi getini. Nilipofika nikamuuliza, "Baba, kwa nini hukurudi na wenzako?"

"Sijui njia, mama."

Ana miaka 9. Kutoka pale hadi kwetu Kirumba, hapa Mwanza, ni dakika 25, tena kwa mwendo wa mtoto anayesimama kuokota mawe. Njia hiyo anaipita mara mbili kwa siku, lakini kwenye kiti cha gari, akigombania dirisha. Mimi kwa umri wake nilishakuwa natumwa mwaloni kununua dagaa, narudi na chenji imefungwa kwenye pindo la khanga.

Usiku ule nilijisema sana. Nimemjengea geti, nimemwekea dada wa kazi na katuni, nikadhani ndiyo malezi. Mwaka 2018 jimbo la Utah kule Marekani lilipitisha sheria kwamba mzazi akimwacha mtoto mwenye umri na akili za kutosha aende shule au akacheze peke yake, asihesabiwe kwamba amemtelekeza. Niliposoma nilicheka. Sisi hakuna sheria iliyotubana, tumejifungia wenyewe kwa ukuta wenye vipande vya chupa juu.

Jumamosi iliyofuata tukatembea wote, njia nzima. Sikumwonyesha njia tu, nilimwonyesha watu. Kwa mama wa genge nikasimama: "Huyu ni wangu. Ukimwona anafanya ujinga, mkanye, usisubiri kuniambia." Kwa fundi baiskeli vivyo hivyo. Kwa fundi cherehani, kwa mzee anayekaa kibarazani karibu na msikiti, kwa vijana wa kijiwe cha bodaboda. Mwanangu alikuwa anainamisha kichwa, anasalimia kwa sauti ya kujiuma. Yule mzee akamwambia "Mwangaluka!" na yeye akanitazama mimi, kana kwamba kaulizwa hesabu. Msukuma huyo, kazaliwa Mwanza, hajui kuitikia salamu ya babu zake! Nilitamani ardhi inimeze.

Kama unataka ushauri wangu, anzia hapo. Watu wengi huanza na umri, miaka 7 au 10, wakati jambo kubwa ni mtoto anafahamika na nani kati ya mlango wako na anakokwenda. Mtaa usiomjua mtoto hauwezi kumlinda, hata ukiwa mtulivu kiasi gani.

Wiki ya kwanza nilimtuma gengeni tu, nyanya na vitunguu, noti ya shilingi 2,000. Nilisimama dirishani nikijifanya nakunja nguo. Akarudi na nyanya bila vitunguu, chenji hajaihesabu. Sikumwambia kitu, nikamrudisha. Wiki ya tatu alikwenda shule kwa miguu na watoto wawili wa jirani. Barabara ya Makongoro ndiyo iliyonisumbua, maana daladala zinazokwenda njia ya uwanja wa ndege hazimngoji mtu. Tuliivuka pamoja mara nyingi hadi akaacha kunishika mkono mwenyewe, na hata sasa anavukia sehemu moja tu tuliyokubaliana.

Ziwa ni habari nyingine. Hapo sina uhuru wa kugawa. Mimi nilikuwa shule ya msingi MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, na nakumbuka watu wakienda Igoma kwenye mazishi. Aliyekulia hapa na hofu hiyo hatumlaumu. Halafu kuna kichocho: vijidudu vinatoka kwenye konokono wa maji ya ufukweni na kupenya ngozi, na maji yenyewe unaweza kuyaona masafi kabisa. Kwa hiyo sheria ni moja, haina "lakini": kukaa juu ya mawe kuangalia mitumbwi, sawa, kuingiza mguu majini bila mimi au baba yake, hapana.

Aliivunja. Mwezi wa pili tu. Nilijua kabla hajafika nyumbani, kwa sababu mama mmoja anayeanika dagaa alimtoa majini kwa kumshika sikio na kunitumia salamu kwa kijana wa boda. Alipoingia, kaptula imelowa na miguu ina magamba ya dagaa, akanikuta nimeshaandaa maneno. Kwa wiki mbili akarudi kuwa mtoto wa geti. Nilimpeleka zahanati pia. Ila njia sikumfungia moja kwa moja. Huyo mama wa dagaa ndiye ushahidi kwamba mpango unafanya kazi.

Jirani zangu wawili wananiona mzembe. Mmoja simbishii hata kidogo: mwanaye ana ualbino, na sisi wa Kanda ya Ziwa tunayajua mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotokea kuanzia mwaka 2007. Akitaka kumsindikiza mwanaye hadi chuo kikuu, amsindikize. Huyo mwingine hofu yake ni watu watasemaje, na hiyo sina dawa yake.

Kitu kimoja nilichelewa kukisema, nacho ni siri. Mtu mzima yeyote, awe mjomba, mwalimu au rafiki wa baba, akikwambia "usimwambie mama," hilo ndilo la kuniambia kwanza. Tunalirudia tukiwa tunaosha vyombo, bila kutishana.

Mdogo wake ana miaka 6 na ameshaanza kuuliza zamu yake lini. Jumamosi tunakwenda kumsalimia fundi cherehani. Anafanya mazoezi ya kuitikia mwangaluka, kaka yake ndiye mwalimu.