Nilikaa kimya nikajisahau: je, alikuwa Roho Mtakatifu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mwanakwaya, nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni hapa Bagamoyo. Mwaka jana tulikuwa na mgeni, mama wa Kijapani, Mbudha wa Zen, njia ya Kibudha ya kutafakari kwa kukaa kimya. Alinifundisha kukaa: mgongo wima, macho nusu wazi, nihesabu pumzi moja hadi kumi, kisha nianze tena. Alipoondoka nikaendelea mwenyewe alfajiri kabla ya zamu. Siku moja nilijisahau kabisa, sikujua pumzi ni yangu au ni ya bahari. Machozi yakanitoka na wala sikuwa na huzuni. Padre, hali kama ile niliwahi kuipata mbele ya Ekaristi Takatifu, jioni ya kipaimara changu. Je, ni Roho yule yule? Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi anasema nimekaribisha pepo, nifunge siku tatu.

JIBU: Milele na milele, mwanangu.

Kufunga ni kuzuri, funga ukipenda. Ila usifunge kwa ajili ya kumfukuza pepo ambaye hakuna aliyemwona. Pumzi tumepewa na Mungu. Mtu akikaa wima akavuta pumzi taratibu kwa nusu saa, mwili hutulia, awe Mbudha, awe Mkristo, awe mvuvi wa Dunda anayesubiri upepo. Ndugu zetu Waislamu wa tarika ya Kadiria, tangu enzi za Sheikh Ramiya hapa hapa mjini, wanajua jinsi zikri na pumzi zinavyokwenda pamoja. Sijasikia mtu akisema pumzi zao zina pepo.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwaka 1989 Idara ya Mafundisho ya Imani ya Vatikani, chini ya Kardinali Ratzinger, ilitoa waraka kuhusu tafakari ya Kikristo, na Zen imetajwa humo kwa jina. Waraka haukukataza mbinu hizo. Unakiri kwamba zinaweza kumsaidia mtu afike mbele ya Mungu akiwa ametulia. Lakini unaonya kwamba mazoezi ya mwili huweza kuzaa utulivu wenyewe, hata hisia za mwanga na joto, na kwamba kuzichukua hisia hizo kuwa ndizo faraja za Roho Mtakatifu ni kosa kubwa. Kwa hiyo machozi yako ya alfajiri hayatoshi kuwa ushahidi. Hata yale ya kipaimara, yakiwa peke yake, hayatoshi.

Utashangaa kusikia kwamba walimu wa Zen ni wakali kuliko Roma katika hili. Maono, raha na mambo ya ajabu yanayomjia mtu akiwa amekaa wanayaita makyo, na neno hilo la Kijapani limebeba jina la shetani ndani yake. (Mwambie yule dada, atafurahi.) Mwanafunzi akimkimbilia mwalimu na habari ya mwanga aliouona, huambiwa arudi akakae. Mtakatifu Yohane wa Msalaba, kule Hispania karne ya 16, aliwafundisha watu jambo la jinsi hiyo hiyo: maono yasishikiliwe, hata yakiwa mema, kwa sababu Mungu amekwisha kusema yote katika Mwanae.

Tazama basi sababu aliyoitoa. Hapo ndipo njia zinapoachana. Dogen, mwalimu wa Kijapani wa karne ya 13, alifundisha kwamba kukaa kwenyewe ndiko kuzinduka. Hukai ili upate kitu kingine, wala hukai mbele ya mtu. Mbudha anapojisahau anaona kwamba huyu "mimi" anayemng'ang'ania hakuwa na kiini cha kudumu. Hasemi amekutana na mtu. Tukimsemea kwamba alikutana na Yesu bila kujua, tunamvunjia heshima. Paulo naye alijipoteza, lakini sikia anavyosema: "wala si mimi tena, bali Kristo yu hai ndani yangu" (Gal. 2:20). Mimi ameondoka, na nyumba ina mwenyewe. Mtakatifu Teresa wa Avila aliwahi kufuata ushauri wa kuuacha nyuma hata ubinadamu wa Kristo ili sala yake iwe tupu na ya juu zaidi, na baadaye aliujutia sana wakati ule.

Jahazi likitulia, aliyeko ufukweni haoni kama limetia nanga au limekosa upepo. Nakiri mfano huu unamwonea kidogo mgeni wako, maana yeye angesema hata nanga ni kitu cha kuachia. Lakini mimi ni padre, naamini nanga.

Usidhani nasema hivi kwa kuogopa. Padre Hugo Enomiya-Lassalle, Mjesuiti Mjerumani, alijeruhiwa na bomu la Hiroshima mwaka 1945 akapona, akakaa Zen miaka mingi, akafundisha wengine, na akafa Mjesuiti mwaka 1990. Namheshimu. Ila yeye alianza kukaa akiwa na miaka mingi ya Misa na sala nyuma yake. Wewe juzi tu umeniambia kwamba Jumapili mbili umekosa Misa kwa sababu "alfajiri ilitosha". Hilo limenisumbua kuliko kujisahau kwako.

Endelea kukaa. Anza kwa ishara ya msalaba, na badala ya namba weka sala ya Wakristo wa Mashariki: ukivuta pumzi, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu", ukiitoa, "unihurumie mimi mwenye dhambi". Usikae ili kuitafuta tena ile siku. Baada ya miezi mitatu, niletee habari za mapokezini: unamjibuje mgeni anayekufokea kwa sababu ya maji ya moto? Wagalatia 5:22, tunda la Roho, utaipima huko, hutaipima mkekani.

Na yule mama akirudi, mkaribishe tukae naye chini ya miembe ya misheni. Muulize yeye alichokipata anakiitaje. Usimjibie.