Nimeshindwa kuacha vidonge vya usingizi, je, mimi ni teja?

*Shikamoo shangazi. Nilipofiwa na mama niliandikiwa diazepamu za wiki mbili nipate usingizi. Zilipokwisha nikawa nanunua mwenyewe. Huu mwaka wa pili, nameza miligramu 10 kila usiku. Nilijaribu kuacha; siku ya tano mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio, nikarudia. Mume wangu amezigundua, anataka kuzitupa zote. Je, mimi ni teja?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Mwambie mumeo asitupe hata kidonge kimoja. Nia yake ni njema, lakini kukata diazepamu ghafla baada ya muda wote huo kunaweza kukuletea degedege, na degedege hiyo huweza kuua.

Yaliyokupata siku ya tano ni arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea. Diazepamu huongeza nguvu ya breki za ubongo; ikitumika kwa miezi, ubongo hulegeza breki zake wenyewe, na dawa ikikatwa hubaki bila breki za kutosha. Na kwa kuwa dawa hii hukawia kutoka mwilini, siku za mwanzo huwa shwari, mtu akadhani ameshinda, kumbe bado.

Kuhusu uteja: mwili kuzoea dawa ni jambo moja, kuiandama hata inapokuharibia maisha ni jingine. Mwili wako umezoea, hilo halina ubishi. Kule kununua kwa siri ndiko kunakonitia wasiwasi, sikufichi. Kwa hiyo nenda kwa daktari wiki hii, useme kweli tupu: dozi, muda, dawa nyingine, pombe kama unakunywa, mimba kama unayo, kifafa kama umewahi kukipata.

Kwa kawaida dozi hupunguzwa kwa asilimia 5 hadi 10, kisha mnasubiri wiki mbili hadi nne kabla ya kupunguza tena. Kwako hiyo ni kama miligramu moja. Vidonge vya diazepamu hutengenezwa vya miligramu 2, 5 na 10, kwa hiyo 9 ni cha 5 kimoja na vya 2 viwili. 8 ni vya 2 vinne. Nakupa hesabu hii uelewe utakachoambiwa, usianze peke yako. Mwishoni ndiko kugumu, maana kutoka 2 kwenda 1 umekata nusu nzima ya dozi, basi hapo hatua huwa ndogo zaidi. Ukielemewa, mwambie daktari mbaki kwenye dozi hiyo kwa muda. Huenda ikachukua miezi mingi, hata mwaka, na hakuna aibu.

Mumeo anaweza kukaa na vidonge, akakupa dozi ya usiku huo tu. Mkubaliane kabla, asije akageuka askari wako.

Usichanganye kamwe na pombe, tramadoli au dawa ya kikohozi yenye kodeini: pamoja huzima pumzi ukiwa usingizini. Usingizi utasumbua kila mnapopunguza, kwa siku kadhaa. Amka saa ile ile hata kama hukulala, na usilale mchana. Ukianguka degedege, ukaona visivyokuwepo au ukachanganyikiwa, mumeo akukimbize hospitali usiku huo huo, aende na pakiti ya dawa.

Na umwambie daktari habari za mama yako, akuunganishe na mshauri nasaha. Vidonge vilikupa usingizi. Huzuni yenyewe bado haijapata wa kuisikiliza.