Usimtume Mtu Kuchukua Kibali Kitakachobeba Jina Lako

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, aliniandikia kwamba amepata chumba cha biashara karibu na steji, ameshalipa kodi ya miezi mitatu, na kuna kijana aliyemwahidi kumtolea kibali cha biashara cha kaunti kwa siku moja iwapo atamtumia shilingi 15,000 kwa M-Pesa. Swali lake lilikuwa moja tu: "Nimtumie?" Niliusoma ujumbe huo nikiwa jikoni, nikalazimika kuketi, kwa sababu mwaka wa 2022 nililihitaji swali hilo na sikuwa na mtu wa kumwuliza, na kutouliza kwangu kulinigharimu hoteli yangu ya kwanza.

Hoteli hiyo ilikuwa mtaa wa Umoja. Ilikuwa na viti 12, meza nne, na jiko nililolinunua kwa akiba ya miaka tisa ya kuajiriwa. Jina la biashara nilikuwa nimelisajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikakitia cheti katika fremu na kukitundika juu ya kaunta, nikiamini kwamba sehemu kubwa ya kazi ya makaratasi imekwisha. Wengi wenu mnaamini hivyo hata leo. Cheti cha jina la biashara hueleza tu kwamba jina hilo ni lako. Ruhusa ya kufungua mlango na kumpakulia mtu chakula hutoka kwa kaunti, maana Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti leseni za biashara.

Nilipoambiwa hivyo na jirani, nilikuwa nimebakiza siku nne kabla ya kufungua. Wakati huo karatasi zilikuwa nyingi: kibali cha biashara, cheti cha zimamoto, leseni ya usafi wa chakula, ada ya bango, na vyeti vya afya vya wafanyakazi. Ndipo akatokea mtu aliyejiita wakala, mpole wa maneno, aliyebeba faili lililojaa fomu. Nilimpa shilingi 23,000. Baada ya siku mbili aliniletea kibali chenye jina langu, nembo na mhuri, nami nikamshukuru kwa moyo wangu wote na kumpakulia pilau bila kumtoza hata shilingi.

Katika wiki ya sita, yapata saa tano asubuhi, wakaguzi waliingia. Aliyewaongoza alikuwa mtu wa makamo mwenye adabu. Alikiomba kibali, akaiandika namba yake kwenye simu, akanyamaza, kisha akanigeuzia kioo cha simu nijionee mwenyewe. Namba iliyokuwa kwenye karatasi yangu ilikuwa ya duka la vifaa vya ujenzi. "Mama," akaniuliza, "karatasi hii umeipata kwa nani?" Wateja wanne walikuwa mezani. Mmoja wao, fundi wa mjengo aliyekuwa akila kwangu kila siku, aliweka kijiko chini, akaacha shilingi 100 kando ya sahani yenye maharagwe nusu, akatoka bila kunitazama. Pesa nilizopoteza nimeshazirudisha mara kadhaa. Lakini namna mtu yule alivyonipita, kana kwamba nilikuwa nikimlisha chakula cha wizi, bado huniuma ninapoiandika.

Hoteli ilifungwa siku hiyo hiyo. Simu ya wakala haikupatikana tena, na mwenye nyumba hakunirudishia hata senti ya kodi niliyokuwa nimetanguliza. Miezi iliyofuata sitaisimulia.

Mwaka wa 2023 nilianza upya, mara hii mtaa wa Donholm, na niliapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaogusa makaratasi yangu. Mwaka huo kaunti ya Nairobi ilikuwa imeziunganisha ada nyingi kati ya zile katika kibali kimoja cha pamoja, kinachoombwa na kulipiwa kwa mtandao. Nilifungua akaunti kwa jina langu, kwa PIN yangu ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, nikaijaza fomu mwenyewe na kulipa kwa simu yangu, nikahifadhi kila risiti. Ada hutegemea aina na ukubwa wa biashara, kwa hiyo nilihesabu viti kabla ya kuketi kujaza fomu, na nilieleza kwa usahihi kwamba ninapika, kwa kuwa anayeandika duka la kawaida ilhali anauza chakula atagunduliwa siku mkaguzi atakapoliona sufuria.

Usidhani kwamba kulipa kwa mtandao kumeondoa ukaguzi. Afisa wa afya ya umma alikuja Donholm, akafungua mfereji, akatazama mahali maji machafu yanakoelekea, akainama kuangalia chini ya meza ya kukatia nyama, akauliza choo kiko wapi. Alikitaka cheti cha afya cha kila anayegusa chakula, na cheti hicho hudumu miezi sita tu, baada ya hapo mfanyakazi hupimwa tena, kinyesi kikiwemo. Niliwapima wasichana wangu wawili pamoja nami, na tarehe za kurudi nimeziandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya mlango wa stoo. Mtungi wa kuzimia moto uko karibu na mlango, si kabatini. Na kama unapigia wateja muziki, jua kwamba huo una leseni yake ya hakimiliki, nje kabisa ya kibali cha kaunti.

Ndugu zangu, tuache kuambiana kwamba Nairobi hakuna kinachopatikana bila kumjua mtu. Kauli hiyo ndiyo inayowalisha matapeli. Kibali changu cha Donholm nilikipata bila kumjua yeyote, na nimekihuisha tangu wakati huo kwa njia ile ile: jina langu, simu yangu, risiti yangu. Nenda mwenyewe. Ukikwama, ingia Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, au ofisi ya kaunti ndogo yako, simama kwenye foleni, uliza. Pia uliza kabla ya kutia sahihi mkataba wa chumba iwapo jengo hilo linaruhusiwa kuwa na biashara ya chakula, kwa sababu mwenye nyumba atakuambia ndiyo hata pasipo na mfereji wa maji machafu.

Dada wa Pipeline, usimtumie. Kama hujatuma, njoo Donholm Jumatano baada ya saa nane, wateja wa mchana wakishatawanyika. Beba kitambulisho, PIN ya KRA, cheti cha jina la biashara na hesabu ya viti vyako. Tutaketi kwenye meza ya pembeni, wewe ukiwa umeishika simu yako mwenyewe, nami nitakuonyesha mahali pa kubofya.