Mmea wa Kupanda, na Upi Usiopandwa?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Ninauza miche ya maua kando ya barabara ya kwenda Raskazone, hapa Tanga. Nina bogenvilia za rangi nyingi, na kila siku nabishana na wateja kuhusu jina lake kwenye kibao. Wengine wanasema ni bogenvila, wengine bugenvilia, na mmoja alinisisitizia niandike mbogenvilia. Naomba unisaidie tahajia na ngeli ya mmea huu wa kupanda, ambao wenyeji wanaupenda kwa kuwa hauogopi jua wala upepo wa chumvi. (Muuza miche, Tanga)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Maswali yako ni mawili na majibu yake ni mafupi, kwa hiyo yatasubiri kidogo. Umeyasindikiza na maneno matatu ambayo siwezi kuyapita kimya: "mmea wa kupanda". Nimeyaona kwenye vibao vya wauza miche na kwenye vipeperushi vya bustani, na kila ninapoyaona hujiuliza ni mmea upi usiokuwa wa kupanda. Mchicha ni wa kupanda. Mwembe ni wa kupanda. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukaanzia Pangani na kuenea mkoa mzima, uliletwa ili upandwe, na tangu siku hiyo haujakwea kitu chochote.

Najua neno hilo limetoka wapi. Mfasiri alikutana na jina la Kiingereza la mimea ya aina hii, jina lililojengwa juu ya kitenzi cha kwenda juu. Akafungua kamusi, akaona "panda", akafunga kamusi. Kwa Kiingereza hapana tatizo, kwa sababu kitenzi cha kukwea na kitenzi cha kutia mche ardhini havifanani hata kidogo. Kwa Kiswahili vinafanana herufi kwa herufi, na mfasiri wetu, ambaye bila shaka alikuwa na haraka ya kumaliza ukurasa, hakuona kwamba amewaletea watu wa bustani msamiati usiofaa bustanini.

Nitaambiwa kwamba muktadha utaeleza, na kwamba lugha zote zina maneno yenye sura moja na maana nyingi. Ni kweli. Tunapanda basi na hakuna anayedhani tumelifukia tumboni mwa ardhi. Tunapanda mahindi na hakuna anayedhani tumeyakalia. Bei ya sukari inapanda na kila mtu anajua ilikoelekea. Mbali na vitenzi hivyo iko panda ya mti, ambayo watoto huitengenezea manati, wala haijamsumbua mtu. Tazama pia neno "ua", ambalo kwako wewe ni la kila siku. Bogenvilia ikistawi unapata ua la bogenvilia, na bogenvilia zikipandwa mstari mmoja mbele ya nyumba unapata ua wa bogenvilia. La kwanza wingi wake ni maua, la pili wingi wake ni nyua, na kiunganishi peke yake kimeshatoa hukumu kabla msikilizaji hajapata nafasi ya kuchanganyikiwa. Hivyo ndivyo lugha inavyojilinda.

"Mmea wa kupanda" hauna ulinzi wa namna hiyo. Mahali pekee ambapo vitenzi hivi viwili vinaweza kugombea nomino moja ni hapo penye mmea, kwa kuwa mmea ndicho kitu kinachopandwa na, ukiwa wa jamii fulani, ndicho pia kinachopanda. Fikiria maelekezo utakayomwandikia mteja wako: "Panda mmea huu wa kupanda upande wa ukuta ili upande vizuri baada ya kupandwa." Kisarufi sentensi hiyo haina kosa hata moja, nami namwonea huruma mteja. Ukimwambia tu kwamba mmea huu "ni rahisi kupanda", atakuelewa kwamba ukichopeka kipandikizi chake ardhini kitashika, au kwamba ukiuacha karibu na mnazi utafika kileleni? Ukimwambia kwamba "haupandi vizuri" hatanunua kabisa, hata kama ulikusudia kumsifia kwamba hautavamia paa lake.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba upungufu huu umeletwa pwani, mahali ambapo tulikuwa na kitenzi chetu safi, kukwea. Mtu anayetuangulia madafu anaitwa mkwezi. Sijapata kumsikia mama yeyote wa Ngamiani akimtuma mtoto amwite "mpandaji". Na kuna sababu. Mkisema "babu alipanda mnazi ule akiwa na miaka 80", wajukuu watagawanyika makundi mawili: kundi moja litamsifu kwa kuacha urithi, na jingine litauliza ni nani aliyemruhusu. Sema "alikwea" na ugomvi umekwisha. Wenye mnazi walihitaji vitenzi viwili kwa sababu mnazi hupandwa na hukwewa, wakawa navyo. Kisha wakaja watu wa vipeperushi, wakalichukua "kukwea" na kuliweka kabatini pamoja na maneno ya washairi, wakatuachia moja lifanye kazi mbili.

Wapo wanaokimbilia "mmea wa kutambaa" au "mmea mtambaa", na vitabu vya shule vimelizoea hilo. Silipendi sana, lakini nitaliacha liishi. Kutambaa kwangu ni kwenda kwa tumbo: nyoka hutambaa, mtoto hutambaa kabla ya kusimama dede, na shambani matembele, matikiti na maboga hutambaa kwa haki kabisa, kwa sababu shina lao limelala ardhini. Hata hivyo mjusi hutambaa ukutani wala hatuoni ajabu, basi anayesema bogenvilia yake "inatambaa juu ya ukuta" sitamfungulia kesi. Namwomba tu atazame mmea anaousema, kwa kuwa wenye bustani za zamani hawakuipachika mimea yote kitenzi kimoja. Waliangalia mmea umeshikaje.

Mtambuu, ambao majani yake huuzwa pamoja na popoo na chokaa, hutoa vijizizi kwenye vifundo vya shina na kushikilia gome la mti wa jirani. Pilipili manga wa Muheza na Amani, ambao ni ndugu yake wa ukoo mmoja, hufanya vivyo hivyo. Hiyo ni mimea inayoshika, nayo hukwea kwelikweli. Kiazi kikuu na fiwi havishiki. Hujizonga, shina zima likazunguka mti au kijiti kama uzi kwenye kibiringo. Mpasheni hutoa vikono vyembamba vinavyojisokota kwenye chochote vinachokigusa, hata waya wa kuanikia nguo. Asumini haina mizizi ya kushikia wala vikono. Huegemea tu, na asiyeijengea kichanja ataikuta imelala chini, naye atachuma maua ya kikuba huku ameinama.

Bogenvilia yako haimo katika makundi hayo. Haijizongi, haina vikono, na haishiki ukuta hata ukiusugua kwa jiwe uwe na makwaruzo. Ina miiba. Hurusha fimbo ndefu, nyepesi, zenye miiba iliyopinda kidogo, na fimbo hizo zikiangukia juu ya mwarobaini au juu ya bati la jirani, miiba hunasa, kisha fimbo mpya hupita juu ya zile za zamani. Kitenzi chake halisi ni kuparamia, yaani kupanda juu ya kitu kwa pupa na bila kuomba ruhusa, na kila mwenye nyumba ya Raskazone aliyeiacha msimu mmoja bila kuipogoa anajua kwamba sijaisingizia. Ukiitaka ukutani, ni lazima uifunge kwa kamba mwenyewe. Kwa hiyo hata ukikubali kwamba "wa kupanda" maana yake ni "unaokwea", mteja atakayeiweka chini ya ukuta mtupu na kungoja ipande mwenyewe atarudi kwako na malalamiko, na lawama zitakuwa za neno.

Hilo la kutoogopa jua ni kweli, na linafaa liingie kwenye kibao chako kuliko hayo maneno matatu. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, nao huchanua zaidi unapopata jua la kutwa na udongo unaokauka kati ya siku ya kumwagilia na nyingine. Anayeumwagia maji kila jioni kwa mapenzi hupata majani mengi ya kijani na maua machache, ndiyo maana huonekana mzuri wakati wa kiangazi kuliko katikati ya masika. Waambie wateja wako hivyo, watakushukuru.

Sasa maswali yako. Jina limetokana na la baharia wa Kifaransa, Louis Antoine de Bougainville, ambaye msafara wake ulipita Brazil mwaka 1767, na mtaalamu wa mimea aliyekuwa naye, Philibert Commerson, akaupa mmea jina la mkubwa wake. Kuhusu tahajia, usione haya kwa ubishi wa wateja: jina hilo lilipochapishwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1789, Mfaransa mwenzao Jussieu alilikosea, akaandika Buginvillaea, na tahajia ziliendelea kutangatanga vitabuni hadi miaka ya 1930. Kama Wafaransa walilikosea jina la Mfaransa, Tanga haina deni. Chagua "bogenvilia", kwa kuwa ndivyo wengi wanavyotamka na kila silabi yake inakaa vizuri kinywani mwa Mswahili. "Bogenvila" imepoteza silabi njiani, na "bugenvilia" ni ya mtu aliyesoma kitabu kimoja zaidi ya jirani yake.

Mteja aliyetaka "mbogenvilia" namheshimu, kwa sababu anajua kanuni. Mti ni mwaridi na ua lake ni waridi. Mti ni mlangilangi na ua lake ni langilangi. Mti ni mkilua na ua lake ni kilua. Kwa kanuni hiyo mbogenvilia ungetoa bogenvilia, na sarufi ingependeza sana. Tatizo ni kwamba kile kinachong'aa kwa zambarau, chekundu au rangi ya chungwa, ambacho sote tunakiita ua, kwa kweli ni majani matatu yaliyogeuka rangi, membamba kama karatasi, na maua yenyewe ni yale mirija midogo myeupe iliyojificha katikati, ambayo wateja wako huenda hawajawahi kuyatazama. Kwa hiyo mteja huyo angeunda nomino nzuri ya kuliita jani. Tena hakuna anayelisema neno hilo isipokuwa yeye, na neno la mtu mmoja halina haraka ya kuingia kwenye kibao.

Liweke katika ngeli ya I-ZI: bogenvilia hii imechanua, bogenvilia hizi zimechanua, bogenvilia yangu imeparamia bati la jirani. Ukitaka kuzitaja pamoja na nyinginezo za jamii yake, andika "mimea inayokwea", na hapo mtambuu, pilipili manga na mpasheni vitaingia bila kusukumana, nayo bogenvilia itaingia kwa huruma yangu. Wapo pia wanaosema "mabogenvilia", hasa wanapozungumzia ua mrefu uliofunga njia nzima. Mimi siandiki hivyo, na mwanafunzi akiniletea hivyo namkata alama. Lakini Waswahili wana tabia ya kukiongezea "ma" kitu kikiwa kingi na kikubwa kupita kiasi, na ninapopita mbele ya nyumba ambayo lango lake halionekani tena, nakiri kwamba "bogenvilia hizi" yanasikika kuwa maneno ya upole kupita kiasi.