"Dom durakov": inawadhihaki wagonjwa wa akili?

Mkuu mleta mada, umeuliza mawili: kama filamu hii ya Andrei Konchalovsky (wengine wanaijua kama House of Fools) inawadhihaki wagonjwa wa akili, na kama unaweza kuitazama na dada yako aliyeruhusiwa hospitali juzi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya akili, na filamu hii nimeirudia mara nyingi.

Haiwadhihaki hata kidogo. Kwa wasioijua: ni mwaka 1996, vita vya kwanza vya Chechnya, jimbo lililotaka kujitenga na Urusi, na hospitali iko jimbo jirani la Ingushetia, mpakani. Daktari anakwenda kutafuta basi la kuwahamisha wagonjwa, wahudumu wanatoweka, wagonjwa wanabaki peke yao. Wanaingia wapiganaji wa Kichechnya, baadaye askari wa Urusi.

Watu hudhani wodi ikikosa muuguzi ni vurugu tupu. Konchalovsky kakataa uongo huo. Janna, mgonjwa ambaye ndiye mhusika mkuu, anapiga kodiani yake, wenzake wanatulia. Mpiganaji Akhmed anatania kwamba atamwoa, Janna anaamini, na wagonjwa wenzake wanamwandaa bibi harusi kwa vitu vyao wenyewe. Hayo nayaona kazini kila leo. Mgonjwa anayekataa uji mkononi mwangu anaupokea kwa jirani yake wa kitanda. Nikiingia zamu ya usiku, wao ndio wananiambia nani hajalala tangu jana na nani kaficha vidonge chini ya godoro. Baadhi ya walioigiza ni wagonjwa halisi, na nadhani ndiyo maana mambo haya yametoka kweli. Tuzo kubwa ya majaji iliyopata kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 2002 iliistahili.

Ninachoilaumu ni dawa. Daktari hayupo, na filamu haikai kwenye swali la nani anagawa dozi. Mwenye kifafa akikatishiwa dawa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo, na hilo huua. Kwa dawa za akili, anayechomwa sindano mara moja kwa mwezi atakaa sawa kwa muda, lakini wa vidonge vya kila siku yuko hatarini mapema zaidi. Vita huua wagonjwa wetu kwa njia hiyo pia, bila risasi hata moja.

Halafu Janna anaamini Bryan Adams ni mchumba wake, na mwanamuziki mwenyewe anatokea kwenye ndoto zake, mwanga wa dhahabu, muziki mtamu. Hapo inapendeza kupita uhalisia. Wagonjwa wangu wenye imani za namna hiyo huteseka: hawalali, wanasubiri mlangoni, wanagombana na ndugu wanaowaambia si kweli.

Kuhusu dada, ningesubiri kwanza. Kuna milio ya risasi, na helikopta inaanguka na kulipuka kwenye uwanja wa hospitali. Itazame peke yako, kisha msimulie ilivyo, na yeye mwenyewe aamue. Akisema hataki, usimbembeleze. Akikubali, tazameni mchana, na kama kaanza kukosa usingizi siku hizi, ahirisheni hadi aonane na daktari wake.