Maswali ya Wasomaji: Waojibwe Waliovuka Atlantiki

Makala yetu kuhusu Waojibwe, wenyeji wa eneo la Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ilitaja kwa aya moja tu kwamba baadhi yao walifika Ulaya katika karne ya 19. Aya hiyo imezaa maswali mengi. Tumechagua haya.

Nimeona mchoro wa Waojibwe wakicheza ngoma mbele ya umati London. Je, walitekwa, au walikwenda kwa hiari? – Msomaji, Arusha

Hawakutekwa. Kundi lililovuma zaidi lilikuwa la watu tisa walioletwa Uingereza mwaka 1843 na Arthur Rankin, mtu wa Kanada, kwa ajili ya maonyesho ya kulipia. Huko waliungana na mchoraji Mmarekani George Catlin, ambaye tangu 1840 alikuwa akionyesha picha zake za wenyeji wa Amerika katika Egyptian Hall, jumba la maonyesho lililokuwa mtaa wa Piccadilly. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. Kabla wageni hao hawajafika, Catlin alikuwa akiwavika Waingereza mavazi ya ngozi na manyoya na kuwapanga jukwaani. Walipotokea Waojibwe wenyewe, watu wakamiminika. Desemba ya mwaka huohuo wakapelekwa kasri la Windsor mbele ya Malkia Victoria.

Hiari hiyo hata hivyo ilikuwa na mipaka yake, kwa kuwa biashara ilikuwa ya wenye jukwaa. Mwaka 1844 mkalimani wa kundi, Alexander Cadotte, alimwoa binti wa London aitwaye Sarah Haynes, na Rankin akaigeuza harusi yao kuwa tangazo la maonyesho. Kufikia hapo yeye na Catlin walikuwa wameshaachana.

Mfano tofauti ni Maungwudaus, aliyeitwa pia George Henry, mtu aliyewahi kuwa mkalimani na mhubiri wa Kimethodisti. Yeye aliongoza kundi lake mwenyewe katikati ya miaka ya 1840, na aliporudi Amerika alichapisha simulizi ya safari mwaka 1848. Ukiisoma utaona kwamba watazamaji nao walikuwa wakitazamwa. Anasema watu wa London ni wengi kama mbu wa kiangazi, na wanaumana kama mbu ili wapate riziki. Malkia anamwona ni mwanamke mdogo, mzuri wa sura, ila wapo wengi wanaompita kwa uzuri. Anashangaa kuona wanawake wa Kiingereza hawawezi kutembea bila kushikwa mkono na wanaume. Kwa maoni yetu, maneno hayo yana thamani kuliko magazeti yote ya London yaliyoandika juu ya ngoma za kundi lake.

Naishi Mississauga, Ontario. Nasikia jina la mji huu lina uhusiano na mtu aliyempelekea Malkia ombi la ardhi. Mtu wa kawaida aliwezaje kufika kwa Malkia? – Msomaji, Kanada

Uhusiano upo, na wa karibu. Wamississauga ni tawi la Waojibwe, na mto Credit unaokatiza mji wako ndipo kilipokuwa kijiji chao. Leo eneo hilo ni uwanja wa gofu. Mtu unayemuulizia ni Peter Jones, au Kahkewaquonaby, aliyezaliwa 1802 kwa mama wa Kimississauga na baba mpima ardhi mwenye asili ya Wales. Alikuwa mchungaji wa Kimethodisti na mmoja wa wakuu wa watu wake. Alifika Uingereza mara tatu: 1831, 1837 na 1845.

Safari ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito mkubwa. Mwaka 1836 Francis Bond Head, gavana wa koloni la Upper Canada (Ontario ya leo), alikuwa amependekeza wenyeji wahamishiwe kisiwa cha Manitoulin, mbali na mashamba waliyokwisha kuyafyeka na nyumba walizokwisha kuzijenga. Wamississauga hawakuwa na hati za ardhi yao, na bila hati hawakuwa na cha kumwonyesha mtu anayetaka kuwaondoa.

Njia ya kufika kwa Malkia ilikuwa hivi. Kwanza baraza la wakuu lilikubaliana maneno ya ombi. Likaandikwa kwa Kiingereza, na wakuu wakaweka alama za koo zao, yaani kila mmoja mnyama au ndege wa ukoo wake. Wa Jones alikuwa tai. Kisha ombi lilipaswa kupita kwa Waziri wa Makoloni, Lord Glenelg. Hapo wengi wangekwama, kwa sababu gavana alikuwa amekwisha kuandika London kwa upande wake. Jones alikuwa na nguvu mbili: jamii ya wamishonari wa Kimethodisti iliyomfungulia milango, na Kiingereza chake mwenyewe, kilichomwezesha kumjibu waziri hoja kwa hoja bila mkalimani. Waziri aliporidhika, ndipo akampangia siku. Hata vazi lilijadiliwa, na ikakubalika aende na vazi lake la ngozi.

Septemba 1838, Windsor, Jones alimkabidhi Malkia ombi pamoja na wampum, yaani shanga zinazochongwa kutoka makombe ya bahari na kutungwa kwenye uzi. Shanga zilikuwa nyeupe na nyeusi. Alimweleza kwamba nyeupe ni utii na amani ya watu wake, na nyeusi ni mioyo iliyofadhaika kwa kukosa hati. Waliomtuma walitaka Malkia azitoe nyeusi zote ili uzi ubaki mweupe. Malkia akainamisha kichwa, akampa waziri wake uzi ule.

London ilikubali. Hati hazikutoka. Uamuzi ulitakiwa kutekelezwa na maofisa wa kule kule koloni waliokuwa wakiitaka ardhi, nao wakauacha ulale. Mwaka 1847 Wamississauga walihama Credit, na Mataifa Sita, shirikisho la wenyeji Wairokwa, wakawapa mahali pa kukaa kando ya Mto Grand. Makao yao mapya wakayaita New Credit.

Walikwenda Uingereza tu? Na safari ilichukua muda gani? – Msomaji, Kisumu

Kundi la Maungwudaus lilifika pia Ufaransa, likamwonyesha Mfalme Louis-Philippe ngoma na mchezo wao wa mpira, kisha likaenda Ubelgiji. George Copway, Mmississauga mwingine, alihudhuria mkutano wa amani wa kimataifa uliofanyika Frankfurt Agosti 1850. Kwa merikebu ya matanga, New York hadi Liverpool ilikuwa wiki tatu hadi nne, na kurudi huwa zaidi kwa sababu pepo zinavuma kutoka magharibi. Meli za mvuke za ratiba, zilizoanza 1840, zilipunguza safari hadi wiki mbili hivi.

Kwa nini wengi walifia safarini? – Msomaji, Dodoma

Ndui ilikuwa adui mkubwa. Anayeambukizwa hukaa siku 7 hadi 19, mara nyingi 12 hivi, bila dalili yoyote. Kwa kundi linalohama mji kila baada ya siku chache, hiyo ina maana kwamba mtu anaambukizwa mji mmoja na kuugua mji mwingine, akiwa amelala chumba kimoja na wenzake wote. Chanjo ilikuwepo tangu 1796, lakini wenye maonyesho hawakulazimika kuhakikisha wasanii wao wamechanjwa. Kundi la Maungwudaus lilipatwa na ndui likiwa Ubelgiji, na baadhi yao wakafa. Kabla safari nzima haijaisha, Maungwudaus alikuwa amempoteza mke wake na watoto wao watatu. Maonyesho yakaendelea, kwani ndiyo yaliyowalisha waliobaki.

Je, kuna mwanamke aliyekwenda kudai haki? – Msomaji, Kakamega

Yupo, na anastahili kujulikana kuliko anavyojulikana. Ni Nahnebahwequa, au Catherine Sutton, mpwa wa Peter Jones, aliyezaliwa 1824. Aliolewa na Mwingereza, William Sutton, wakalima na kujenga karibu na Owen Sound. Mwaka 1857 eneo hilo lilichukuliwa na serikali na kupigwa mnada. Akaenda mnadani, akainunua ardhi yake mwenyewe, kisha akanyimwa hati kwa hoja kwamba mwenyeji haruhusiwi kununua. Alipodai fungu lake la malipo ya kila mwaka wanayopewa wenyeji, akaambiwa hana haki nalo kwa kuwa mumewe ni mzungu. Ofisi ileile ilimhesabu mwenyeji pale alipotaka kununua, ikamfuta wenyeji pale alipotaka kulipwa.

Wakuu walimteua awe msemaji wao. Alipitia New York, ambako alisaidiwa na waumini wa Kanisa la Marafiki, lilelile lenye wafuasi wengi huko kwenu magharibi mwa Kenya, na Marafiki wa Uingereza wakampokea. Alisafiri akiwa mjamzito. Tarehe 19 Juni 1860 alionana na Malkia, na muda mfupi baadaye akajifungua mtoto wa kiume hukohuko. Waziri wa Makoloni, Duke of Newcastle, alikuwa akienda Kanada kiangazi hicho pamoja na mwana wa Malkia, hivyo shauri likamfuata. Matokeo: akina Sutton waliruhusiwa kununua tena shamba lao. Wenyeji wengine aliowasemea hawakupata kitu. Nahnebahwequa alifariki 1865.

Nitajuaje kwamba picha ya zamani ni ya Waojibwe kweli? – Msomaji, Zanzibar

Anza na tarehe. Picha za jukwaa la Catlin za kati ya 1840 na katikati ya 1843 zinaweza kuwa za Waingereza waliovishwa. Kisha angalia kabila: mchoro maarufu wa Karl Girardet, wa wachezaji mbele ya mfalme wa Ufaransa katika kasri la Tuileries mwaka 1845, ni wa Waiowa, kabila jingine, si wa Waojibwe.

Kwa picha za kamera, rejea nzuri ni zile za Peter Jones zilizopigwa na Hill na Adamson huko Edinburgh tarehe 4 Agosti 1845, miongoni mwa picha za mwanzo kabisa zilizosalia za mwenyeji wa Amerika Kaskazini. Zilipigwa kwa kalotaipu: negativu ni karatasi iliyopakwa kemikali ya fedha, na anayepigwa hukaa juani bila kutikisika kuanzia nusu dakika hadi dakika kadhaa. Ndiyo maana kingo zina ukungu na nyuzi za karatasi zinaonekana. Picha kali kama kioo si kalotaipu. Katika baadhi ya picha hizo Jones amevaa ngozi, katika nyingine suti. Vazi la ngozi hakulipenda, na alimwandikia mkewe hivyo, lakini bila vazi hilo wachangiaji wa shule aliyotaka kuijenga hawakujaa ukumbini. Ukitafuta kwenye hifadhi za mtandaoni, jaribu tahajia zote: Ojibwa, Ojibway, Ojibbeway, Chippewa, Mississauga. Walioandika lebo hizo hawakuafikiana.